Mnyama wa porini nyuma ya nyumba mjini: anatoka wapi, na ufanye nini ukikutana naye

Mama mmoja anayetusikiliza kutoka kijijini alitutumia ujumbe wa sauti akiwa na wasiwasi. Kijana wake amepanga nyumba Ongata Rongai, pembeni mwa jiji la Nairobi. Usiku mmoja alimpigia simu akasema wapangaji wote wameambiwa wafunge geti na wasitoke nje, kwa kuwa fisi wanazunguka nyuma ya ploti. Mama alidhani anataniwa. "Sisi huku ndio tuna msitu," alisema, "hao wa mjini fisi wanawatoa wapi?"

Hakutaniwa. Nairobi inapakana na mbuga ya wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 hivi, na kutoka katikati ya jiji hadi huko ni kilomita 7 tu. Ndani yake kuna simba, chui, fisi, nyati na vifaru. Kaskazini, mashariki na magharibi kuna uzio. Upande wa kusini uliachwa wazi kwa makusudi: mpaka ni mto Mbagathi, na ng'ambo yake ni nyanda za Kitengela na Athi. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka kwenda kutafuta majani mapya huko, na ukame ukiingia hurudi mbugani kwenye maji. Simba na fisi huwafuata.

Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wamaasai, na ng'ombe na pundamilia walichunga pamoja. Leo zimekatwakatwa ploti, zimewekwa seng'enge, zimejengwa maghorofa. Mnyama anapita njia ileile aliyopita mama yake, ila sasa katikati ya njia kuna jiko la mtu. Kwa hiyo tukisema "simba ameingia mjini", ukweli ni kwamba mara nyingi mji ndio ulioingia kwake. Hilo halimpunguzii uchungu aliyepoteza mbuzi, na hatulisemi ili kumlaumu aliyejenga huko.

Matukio yenyewe yanajulikana. Juni 2012 wakazi wa Kitengela waliwaua simba 6 baada ya mbuzi kuliwa. Machi 2016 simba dume aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani, akafika Isinya, akamjeruhi mtu, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Julai 2021 simba mwingine alikutwa kwenye makazi ya Ongata Rongai, akadungwa sindano ya usingizi na kurudishwa. Na Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba jike katika makazi yanayopakana na mbuga. Si hadithi za kutisha watoto.

Wanachofuata

Wanyama wengi wanaoingia uani hawakuja kumtafuta binadamu. Wamefuata chakula chepesi: kuku, mbwa, mabaki ya nyama, panya kwenye lundo la takataka, maji kwenye karai. Chui, kwa mfano, anapenda mbwa kuliko watu wanavyodhani. Huko Mumbai, India, mji wa mamilioni ya watu, kuna msitu wa hifadhi katikati ya jiji na chui wanaishi humo, wakitoka usiku kukamata mbwa wa mitaani. Wenyeji wengi hupita miezi bila kumwona hata mmoja, ingawa yeye anawaona kila siku. Mji wa Harar, Ethiopia, umekwenda mbali zaidi. Fisi huingia usiku kula mabaki, na kuna watu wanaowalisha nyama kwa mkono. Tusiwaige. Mazoea yale yana miaka mingi na taratibu zake, na fisi wa Rongai hajayasikia.

Njia zao mjini ni mabonde ya mito na misitu iliyobaki. Nairobi ina Karura, msitu wa Ngong na mito inayokatiza mitaa. Nyumba iliyo karibu na bonde lenye vichaka itapata wageni wengi kuliko ile iliyo kwenye lami tupu.

Wageni wadogo

Wengi wa wageni hawa hawana shida. Mtu aliyehamia mtaa wenye miti mikubwa anaweza kuamka usiku wa manane akasikia mtoto mchanga analia juu ya mti. Wapo waliowaamsha majirani na tochi kumtafuta mtoto aliyetupwa. Ni komba, mnyama mdogo mwenye macho makubwa anayekula wadudu, matunda na utomvu wa miti. Mwache alie.

Fungo na kanu wanakuja kwa ajili ya kuku na panya. Nguchiro hula mayai, lakini pia huua nyoka. Dawa ya wote hao ni banda la kuku lililofungwa vizuri, lenye waya wa matundu madogo na sakafu isiyochimbika.

Tumbili na kima ni jambo jingine. Hao ni werevu, na mtu wa kwanza kuwarushia ndizi ndiye anayewaharibia mtaa mzima. Tumbili aliyezoea kupewa huanza kudai, akinyimwa hunyang'anya, na watoto ndio wanaoumwa. Usiwalishe hata kama wanapendeza.

Ukikutana na mkubwa

Ukitoka alfajiri ukamwona simba, chui au fisi, mguu utataka kukimbia. Usikimbie. Anayekimbia anafanana na swala. Simama, mtazame, jioneshe mkubwa kwa kuinua mikono au kutandaza koti, sema kwa sauti nzito, na urudi kinyumenyume polepole hadi mlangoni. Kama kuna mtoto, mnyanyue. Usijilaze chini, na usiiname kuokota jiwe ikiwa yuko karibu.

Ukishaingia ndani, funga mlango na upige simu kwa askari wa wanyamapori au polisi. Kisha inakuja sehemu ngumu zaidi, ambayo ni majirani. Habari zikienea, watu hujaa na rungu, mapanga na simu za kupiga picha. Chui aliyezungukwa na watu hana pa kutokea isipokuwa kupita juu yao, na hapo ndipo watu wengi hujeruhiwa kwa dakika chache. Mwachieni njia ya kutoka. Usiku akiachwa peke yake, mara nyingi ataondoka alikotoka.

Nyoka

Huyu tunamtengea nafasi zaidi, kwa kuwa anaua watu wengi kuliko simba na chui, mjini na kijijini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika. Uani anafuata panya, vyura na baridi ya kivuli. Kuni zilizorundikwa ukutani, mawe ya ujenzi yaliyobaki, mabati ya zamani na majani marefu ni nyumba yake. Ukivisogeza mbali na mlango umefanya nusu ya kazi.

Ukimwona, simama, kisha rudi nyuma. Waondoe watoto na mbwa. Mtu mmoja abaki mbali akimwangalia anakoelekea. Ukimsogelea umpige, umejiingiza mwenyewe kwenye meno yake. Swila hana hata haja ya kukugusa, kwani hutema sumu akilenga macho. Ikiingia jichoni usisugue. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Aliyeumwa atulizwe na asitembee ovyo. Vua pete, bangili na viatu kabla mguu au mkono haujavimba. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usipake mafuta ya taa wala jiwe jeusi. Tunajua katika nyumba nyingi jiwe jeusi lipo kabatini na linaheshimiwa, lakini halitoi sumu iliyokwishaingia mwilini, na muda linaopoteza ndio unaoua. Mpeleke kituo chenye dawa ya kupambana na sumu ya nyoka. Ukiweza, mpigie simu mhudumu wa afya kwanza umuulize ni kituo gani kinayo, kwa sababu si kila zahanati huwa nayo. Usimsake nyoka ili umpeleke hospitali. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na isipopatikana, basi.

Nguchiro, bweha, tumbili au mbwa akimng'ata mtu, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo. Kisha mtu apelekwe akachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Mnyama wa porini anayetembea mchana bila woga na kujipeleka kwa watu msimshike.

Taa na karatasi

Ulinzi mmoja uliovumbuliwa pembeni mwa mbuga hiyohiyo ya Nairobi unaweza kusaidia popote penye boma. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa Kitengela, aligundua akiwa mvulana kwamba simba hawakusogea pale alipotembea na tochi. Taa iliyotulia waliizoea, ila mwanga unaohama waliuogopa. Akaunganisha betri, sola na taa ndogo zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi, na simba wakadhani kuna mtu anatembea. Sasa taa za namna hiyo zinatumika katika maboma mengi.

Hasara ikitokea, usizike wala kuchoma mzoga kabla haujapigwa picha na kuonwa na ofisa. Nchini Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, pamoja na fidia ya mifugo na mazao. Si kila mnyama yumo kwenye orodha, na malipo yamekuwa yakichelewa mno. Tanzania huita malipo yake kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa mtu. Kote kuwili, asiye na taarifa iliyoandikwa hapati kitu, kwa hiyo ripoti mapema na ubaki na nakala.

Na kabla ya kupiga simu, hakikisha kwa mbali. Mwaka 2022 askari wa wanyamapori waliitwa kijiji kimoja cha Meru kwa sababu simba alikuwa amejificha kwenye ua wa miti. Walikuta mfuko wa supamaketi wenye picha ya simba, na ndani yake miche ya parachichi iliyowekwa hapo isikauke.