Historia: Mwaka 1962 zilitangazwa nchi mbili ng'ambo ya Lubiriha

Tarehe 9 Oktoba 1962 Uganda ilipata uhuru. Tarehe 25 mwezi huohuo ikapokelewa katika Umoja wa Mataifa, ambamo Congo ilikuwa na kiti tangu Septemba 1960. Kuanzia hapo mambo ya Kasindi yakawa mambo ya dola mbili huru, zenye kupeana mabalozi.

Lakini kulikuwa na nchi nyingine iliyotangazwa mwaka huo, tena karibu zaidi na Beni. Tarehe 30 Juni 1962, Congo ikitimiza miaka miwili ya uhuru, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza kwamba Rwenzururu inajitawala. Wakonzo na Waamba walikuwa wamechoka kuwa chini ya ufalme wa Toro. Rwenzururu ilikuwa na serikali yake mlimani, baadaye na mfalme pia. Haikupata kutambuliwa. Hakuna dola iliyoipelekea balozi. Léopoldville nayo ilikuwa bado inapambana na Katanga iliyojitenga. Ingewezaje kubariki kujitenga kwa jirani?

Na hao majirani ni ndugu. Mkonzo wa Bwera na Munande wa Mutwanga wanasikilizana bila mkalimani. Waliowatenga ni Wabelgiji na Waingereza, huko Brussels, mwaka 1910.

Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akashuka mlimani mwaka 1982 baada ya kupatana na serikali ya Kampala.

Uhusiano wa zile dola mbili zenye mabalozi nao ulivunjika. Mwaka 1998 jeshi la Uganda liliingia Congo, likakaa Beni na Butembo kwa miaka. Mkataba wa Luanda wa Septemba 2002 ulifungua njia ya kupatana, ila mabalozi walirudishwa mwaka 2009 tu. Mwaka huohuo Kampala iliitambua Rwenzururu, kama ufalme wa kimila, bila jeshi wala balozi.

Miaka minne baadaye, Julai 2013, Kamango ilishambuliwa. Maelfu ya familia walivuka kuingia Bundibugyo, wakakuta watu wanaosema lugha yao. Hata hivyo walipangwa foleni kambini Bubukwanga, wakaandikwa wakimbizi, kwani katika vitabu vya dola walikuwa wamefika ugenini.