Sinema Ilikufa, Bia Ikaliokoa Jengo

Wacha niseme mapema ndio tusikosane: siandiki haya kusifu pombe. Naandika juu ya majengo. Ni vile tu hadithi ya leo inapitia ndani ya baa, na hakuna njia ya kuizunguka.

Shangazi yangu ni nesi huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Nilipoenda kumtembelea alinipeleka Whitstable, mji mdogo wa pwani unaojulikana kwa chaza. Upepo wa bahari ulikuwa unakata masikio. Nikamwambia, "Anti, tafadhali, tutafute mahali pa moto." Akacheka, akaniongoza hadi kwa jengo kubwa la mtindo wa zamani. "Hapa utakunywa kahawa ya bei nafuu na hakuna atakayekuharakisha," akasema.

Kuingia, kumbe ni baa. Lakini baa ya ajabu. Hakuna muziki. Wazee wanasoma gazeti, mama anakatia mtoto chipsi, vijana wawili wanashiriki sahani moja. Dari iko juu sana, hadi unajiuliza nani alihitaji nafasi yote hiyo kwa ajili ya bia. Jibu ni kwamba hakuna aliyeihitaji kwa bia. Hilo lilikuwa jumba la sinema.

Baa yenyewe inaitwa The Peter Cushing. Huyo Cushing ni yule mwigizaji wa filamu za Dracula na Frankenstein, na kama umeangalia Star Wars ya 1977 unamjua: yule kamanda mwembamba mwenye uso wa baridi. Aliishi Whitstable miaka mingi, akafariki 1994. Jumba lenyewe lilifunguliwa 1936 likiitwa Oxford. Sinema ilipoisha likawa ukumbi wa bingo, na 2011 likawa baa ya kampuni ya Wetherspoon, ambayo ina baa karibu 800 nchini humo.

Sasa swali lililonikaa kichwani: jumba la watu mia kadhaa linafikaje mahali pa kuuza kahawa na chipsi?

Anza na nambari. Mwaka wa 1946, baada tu ya vita, Waingereza walinunua tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.6. Kila mji mdogo ulikuwa na jumba lake, na mingine ilikuwa na matatu. Halafu televisheni ikaingia sebuleni. Kufika 1984 tiketi zilikuwa zimeshuka hadi milioni 54 hivi. Yaani kwa kila watu thelathini waliokuwa wakiingia mlangoni, alibaki mmoja. Biashara gani itasimama hapo?

Wengi walibomoa. Wengine waliokolewa na sheria ya kamari ya 1960, iliyofungua mlango wa bingo ya biashara. Viti vikang'olewa, meza zikaingia, na akina mama waliokuwa wakija kuangalia filamu wakarudi kucheza namba. Bingo nayo ikazeeka. Marufuku ya kuvuta sigara ndani, iliyoanza Uingereza 2007, ilizidi kuipiga. Majumba yakabaki tena na milango imefungwa na njiwa ndani.

Hapo ndipo kampuni ya baa inapoingia, na sababu yake haina uhusiano na mapenzi ya historia. Kwa miaka mingi baa nyingi za Uingereza zilikuwa mali ya viwanda vya bia. Kiwanda kinamiliki nyumba, mwenye baa analazimika kuuza bia ya kiwanda hicho. Mgeni asiye na kiwanda angepata wapi nafasi nzuri? Tim Martin, aliyeanza 1979 kaskazini mwa London katika chumba kilichokuwa duka la kubeti, alipata njia: usinunue baa, nunua kitu ambacho si baa. Duka lililofungwa, benki, posta, kanisa, sinema. Vitu ambavyo hakuna aliyevitaka, vikubwa, na viko katikati ya mji. Ukiwa na nafasi kubwa unaweza kuuza kwa bei ya chini kwa sababu unauzia wengi.

Hata jina la kampuni lina mzaha wake. Wetherspoon lilikuwa jina la mwalimu aliyeshindwa kutuliza darasa, na herufi J.D. zilitoka kwa mhusika wa kipindi cha televisheni cha Marekani.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Kule Tunbridge Wells wanakunywa ndani ya jumba la opera la 1902, na bado jukwaa lipo. Ramsgate wanakunywa ndani ya ukumbi wa burudani ulio ukingoni mwa bahari. Kapeti za baa hizi hutengenezwa tofauti kwa kila mji, hadi mtu akaziandikia kitabu. Na ukutani hutundika picha na maelezo: hapa palikuwa nini, nani alizaliwa mtaa huu, kiwanda gani kilifungwa. Nilisoma historia ya Whitstable nikielekea msalani. Sikuwa nimeomba darasa, lakini nilitoka nimejua kitu.

Usinielewe vibaya, kampuni hii si malaika. Martin alitumia sauti na pesa zake kupigania Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, na wengi hawajamsamehe. Wenye baa ndogo wanalalamika kwamba bei zake zinawamaliza. Halafu ni kampuni: hesabu zikikataa inauza jengo na kuondoka, na imeshauza mengi. Jumba likiokolewa na biashara, linaishi kadiri biashara inavyoishi. Hakuna zaidi.

Lakini pale mezani niliona jambo ambalo watu wa kulinda turathi hawalisemi sana. Jengo halikuokolewa na kibao cha serikali. Liliokolewa kwa sababu mstaafu mwenye pesa kidogo anaweza kuingia saa tatu asubuhi, anunue kahawa moja, akae hadi mchana. Huenda ni palepale alipokaa na msichana wake mwaka wa 1958. Wangelifanya hoteli ya kifahari, kuta zingebaki ila yeye angebaki nje.

Ndio nikaanza kufikiria Nairobi.

Sisi pia tulikuwa na majumba. Na majumba yetu yaliuawa na mambo yaleyale: televisheni, kisha kanda za video, kisha vibanda vya kuonyesha filamu mtaani kwa shilingi chache. Leo Odeon kwa wengi ni steji ya matatu. Globe Cinema ni mahali pa kukwama kwenye msongamano wa magari. Kuna vijana wa rika langu wanaotamka "Globe Cinema" kila siku na hawajawahi kujiuliza hiyo cinema iko wapi.

Na hatukukosa wa kuyaokoa. Shan kule Ngara iligeuzwa Sarakasi Dome, na wanasarakasi wakapata mahali pa kurukia. Kumbi kadhaa za katikati ya jiji zilichukuliwa na makanisa. Watu hupenda kucheka, ati sinema imekuwa kanisa. Mimi siku hizi sicheki. Kanisa lilifanya kile bia ilifanya Whitstable: lilijaza viti na kulipa kodi. Hata jengo la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, ambapo sote tunaambiana "tukutane Archives", lilikuwa benki wakati wa ukoloni. Kugeuza matumizi si dhambi. Wakati mwingine ndiyo dawa pekee.

Tofauti yetu na wao iko ukutani. Kule baa ya kibiashara, isiyotafuta chochote ila kuuza bia, imeona faida kumwambia mteja amekaa wapi. Huku unaingia ukumbi, unaimba, unatoka, na hakuna hata picha moja ya foleni ya watu waliovaa suti wakisubiri filamu ya jioni. Hatujabomoa kuta, tumebomoa maelezo. Na wanaoyajua maelezo hayo, yule aliyekata tiketi, yule aliyeendesha projekta, yule aliyeuza njugu mlangoni, sasa ni wazee. Kila mwaka wanapungua.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kama unasali, unafanya biashara au unafanya mazoezi ndani ya jengo lililokuwa kitu kingine, Nakuru, Kisumu, Mombasa, popote, muulize mzee mmoja palikuwa nini. Mrekodi kwa simu. Kisha muombe mwenye jengo nafasi ya picha moja tu ukutani. Haitampunguzia waumini wala wateja.

Nilipomweleza Anti haya yote tukirudi kwa basi, alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Babako alinipeleka sinema mara ya kwanza Odeon. Tulikaa viti vya mbele kabisa, shingo ikaniuma wiki nzima."

Miaka yote hiyo nimepanda matatu hapo, na sikuwa najua.