Somo la Redio: Bwawa la Wachache, Roho za Wengi

Somo letu la leo ni la historia. Anayejua kusoma vizuri na amsaidie jirani yake.

Ninyi mkaao juu ya uwanda wa Makonde mnaijua dhiki ya maji. Mvua ikinyesha, maji huzama mchangani. Ndiyo sababu tangu zamani kina mama walishuka mtelemko mrefu kwenda kuteka maji ya bondeni, kisha wakapanda tena na mitungi kichwani. Hata hivyo wazee hawakuhamia bondeni. Masimulizi ya asili ya Wamakonde yasema kwamba wahenga waliwausia watoto wao wakae juu, mbali na maji makubwa, kwa kuwa huko chini kuna maradhi na mauti.

Leo tutazame mauti ya namna nyingine: yale yaletwayo na maji yaliyofungwa na mikono ya watu.

Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, serikali ilijenga bwawa la udongo ili kuutilia maji mfereji wa mashua. Tuta lake lilikuwa na kimo cha meta 22 hivi. Reli ilipokuja, mfereji haukuhitajiwa tena, na bwawa likauzwa. Mwenyewe mmoja aliyang'oa mabomba ya chuma yaliyokuwa chini ya tuta, akayauza. Mwaka 1879 bwawa likaingia mikononi mwa klabu ya matajiri. Hao walitaka ziwa la starehe, wavue samaki na kutembea kwa mashua. Walishusha kimo cha tuta ili magari ya farasi yapate kupita juu yake. Tena waliweka wavu penye njia ya kutokea maji yaliyozidi, samaki wasitoroke.

Fikiri sasa. Mabomba hayapo, basi maji hayawezi kupunguzwa. Tuta ni fupi. Wavu nao umezibwa na matawi. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, maji yalipita juu ya tuta, yakaumega udongo, na ziwa zima likateremka hadi mji wa Johnstown. Watu 2,209 walikufa. Mashtaka yaliletwa juu ya klabu, lakini waliofiwa hawakupata fidia.

Usidhani mambo hayo ni ya mbali tu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, karibu na Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo katika shamba la mtu binafsi lilipasuka wakati wa masika. Watu wasiopungua 47 walikufa.

Je, tuseme bwawa ni baya? La. Sisi tunahitaji maji. Lakini faida ya bwawa ni ya mwenyewe, na hatari yake ni ya wakaao chini. Kwa hiyo wakaao chini wana haki ya kuuliza: Maji yakizidi yatapita wapi? Nani hulikagua tuta? Ukiona maji ya tope yakivuja chini ya tuta, usinyamaze. Udongo unaliwa kutoka ndani.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini ule wavu wa samaki ulileta hatari?
2. Karibu na kwenu kuna lambo? Nani hulitunza?
3. Nani wanakaa chini yake?