Makaburi ya Upemba na Historia ya Dola ya Waluba

Kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mto Lualaba ukishapita Bukama huingia katika bonde la Upemba, ukapita polepole kati ya maziwa na vinamasi vya mafunjo kabla ya kushika njia ya kaskazini na hatimaye kuitwa Kongo. Msimu wa mvua maji hufunika sehemu kubwa ya bonde. Watu hujenga kwenye kingo zilizoinuka, na kwenye kingo hizo hizo huzika. Kwa kuwa ardhi kavu ni chache, vijiji vya leo vimekaa juu ya makazi ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ndiyo maana elimu yetu juu ya bonde hili imeelemea upande mmoja: wanaakiolojia wamefukua makaburi yapatayo 300, ilhali nyumba za waliozikwa humo karibu hazijulikani kabisa.

Vitabu vingi vya historia ya Afrika ya Kati huyataja makaburi hayo kama chimbuko la dola ya Waluba. Nakubaliana na nusu ya kauli hiyo. Kwamba watu wa Upemba waliendelea kuishi mahali pao, wakirithishana kazi na alama zao karne baada ya karne, makaburi yanathibitisha kwa nguvu isiyopatikana mahali pengi kusini mwa Sahara. Kwamba walikuwa na dola, makaburi hayasemi, na wala hatuna haki ya kuyasemea.

Uchimbaji ulianza mwaka 1957 huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, chini ya Jacques Nenquin; mwaka uliofuata uliendelea, Jean Hiernaux naye akishiriki. Vipimo viwili vya kaboni ya mionzi viliangukia karne ya 8 na ya 9. Kwa wakati ule matokeo hayo yalikuwa mazito, kwani bara lilizoeleka kuandikwa kana kwamba historia yake ilifika pamoja na misafara ya karne ya 19. Nenquin alikuta mitindo mitatu ya ufinyanzi, akadhani huenda watu wa mitindo hiyo waliishi wakati mmoja, bega kwa bega. Pierre de Maret, aliyechimba Sanga na Katongo mwaka 1974, kisha Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu mwaka 1975, alionyesha kwamba mitindo ilifuatana. Mfululizo wake unaanza na wakulima wa mwanzo wa Zama za Chuma, wanaoitwa wa Kamilamba, yapata karne ya 7. Baada yao inakuja Kisale ya awali, kisha Kisale iliyokomaa kuanzia karibu karne ya 10 hadi ya 13 au ya 14, kisha Kabamba, na mwisho Waluba wa nyakati za karibu.

Makaburi ya Kisale iliyokomaa yanastahili kutazamwa kwa utulivu. Marehemu alizungukwa na vyungu na mabakuli yaliyofinyangwa kwa ustadi, mengi hayana dalili ya kutumika jikoni. Zilikuwamo chusa na ndoana, mapambo ya shaba na ya chuma, pembe za ndovu, na majiko madogo ya udongo yenye pembe tatu za kutegemezea chungu, ya aina ambayo mvuvi angeweza kuipikia ndani ya mtumbwi. Watoto hawakuzikwa kwa haraka. Vyungu vyao vilikuwa vidogo, vikikua kadiri ya umri wa marehemu, jambo linaloonyesha kwamba mfinyanzi alijua anamfinyangia nani. Baadhi ya watoto walizikwa na mali nyingi ambayo kwa umri wao hawakuweza kuichuma wenyewe. Hapa kuna hoja thabiti: heshima ya mtu ilitokana pia na nyumba aliyozaliwa. Ila ukoo wenye heshima unaweza kuwapo katika kijiji cha wavuvi kisicho na mfalme.

Hoja ya dola husimama zaidi juu ya chuma. Katika makaburi machache, na tayari katika Kisale ya awali, palikutwa mashoka ya heshima yenye mipini iliyopigiliwa misumari, na fuawe. Mahali pengi katika Afrika ya Kati mhunzi na mtawala wamefungamana katika masimulizi na katika sherehe za kutawazwa, na Waluba wa karne ya 19 walikuwa na mashoka ya aina hiyo, na hata vibanio vya nywele vyenye umbo la fuawe. De Maret aliuona uhusiano huo, na aliuona sawasawa. Mchanganyo umekuja baadaye, pale wasomaji wake walipochukua alama ya uongozi wakaigeuza kuwa ushahidi wa himaya. Katoto, karibu na Bukama, palichimbwa kaburi la mwanamume aliyezikwa na silaha na kengele ya chuma, pamoja na wanawake na watoto. Huyo alikuwa mkubwa, sina shaka. Lakini alikuwa mkubwa wa nani, na mamlaka yake yalifika mwendo wa siku ngapi kwa mtumbwi?

Tukisisitiza kwamba wingi wa vitu kaburini ni kipimo cha mamlaka, tunaingia katika mkinzano tusioweza kutoka. Makaburi ya Kabamba yana vitu vichache kuliko ya Kisale. Kwa kipimo hicho, jamii ya Upemba ilikuwa ikififia katika karne zile zile zinazotuelekeza kwenye dola ya Waluba. Hakuna mwanahistoria anayeamini hivyo. Kilichobadilika ni mazishi: wafiwa waliacha kuweka mali nyingi ardhini. Sababu inaweza kuwa imani, au watawala wapya, au mali yenyewe kupata kazi nyingine miongoni mwa walio hai.

Uwezekano huu wa mwisho una ushahidi wa shaba. Shaba haichimbwi Upemba. Ilitoka kusini, katika ukanda wa madini wa Katanga na Zambia ya leo, ikasubiwa kwa umbo la msalaba. Mwanzoni mwa Kabamba misalaba hiyo ililazwa juu ya kifua cha marehemu. Baadaye ikawa midogo zaidi, yenye ukubwa unaokaribiana, ikiwekwa mikononi au karibu na nyonga, mara nyingi kwa mafungu. Kitu cha fahari kilikuwa kinageuka sarafu. Uchambuzi huo wa de Maret nauona kuwa kilele cha utafiti wote wa bonde hili, kwa sababu unaliuliza kaburi jambo ambalo kaburi linaweza kulijibu: nini kilithaminiwa, na thamani hiyo ilibadilikaje.

Simbi za Bahari ya Hindi, ingawa ni chache, zimekutwa pia katika makaburi ya Kisale iliyokomaa. Wasomaji wa pwani wasikimbilie kuwaona wafanyabiashara wa Kilwa wakipiga kambi kando ya Lualaba. Simbi moja inaweza kupita mikono mingi katika muda wa vizazi kadhaa. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kwamba njia za kuunganisha maziwa haya na bahari zilikuwapo karne nyingi kabla ya misafara iliyoleta Kiswahili Katanga.

Dola huacha alama zake penye watu hai: vijiji vidogo vinavyozunguka kijiji kikubwa, maghala, mitapo ya chuma iliyokusanywa mahali pamoja, vyakula vilivyosafirishwa kutoka mbali. Hayo yamo chini ya nyua na njia za vijiji vya sasa, na tabaka zake zimevurugwa na mashimo ya vizazi vyote vilivyofuata, yakiwamo ya makaburi. Kazi hiyo ni ngumu, na matokeo yake hayatapamba kabati la makumbusho kama chungu kizima kinavyopamba. Bado inawezekana kwa mitaro midogo kati ya nyumba, udongo ukachekechwa kwa maji ili kupata mbegu zilizoungua na miiba ya samaki. Vilevile, kemikali za meno ya waliokwisha kufukuliwa zinaweza kuonyesha nani alikulia bondeni na nani aliletwa.

Mitaro ya namna hiyo haichimbwi bila ridhaa ya wenye nyua. Taarifa kuu za uchimbaji wa Upemba zilichapishwa Tervuren, Ubelgiji, kwa Kifaransa na Kiingereza. Watu wa Malemba-Nkulu wanazungumza Kiluba na Kiswahili, na mifupa inayojadiliwa ni ya watu wanaowahesabu kuwa wahenga wao. Kuwaandikia kwa lugha zao matokeo ya zaidi ya miaka sitini ni deni la kitaaluma, na lilipwe kabla ya jembe jingine kuingia ardhini.

Swali ambalo ningependa mtaro wa kwanza uliulize ni dogo: katika karne zile ambapo watoto wachache walizikwa na shaba na wengine bila shaba, je, nyumba zao nazo zilitofautiana, au walikulia katika vibanda vya ukubwa mmoja, wakila samaki wale wale?