Mbegu za Mihogo za Amani

Ng'ambo ya bonde la Lwengera kutoka Lushoto na Lukozi, katika Usambara Mashariki, kipo Kituo cha Utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza hapo, kwa fedha za umma, kuzalisha mihogo inayostahimili batobato, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe. Muhogo ulichavushwa kwa ndugu yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceará, kisha wazao wakachavushwa tena kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, ili kinga ibaki na mizizi minono irejee. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950. Ni vigumu kumwona mfanyabiashara ambaye angesubiri kiasi hicho.

Mbegu zilipelekwa Nigeria, ambako katika miaka ya 1970 taasisi ya IITA ya Ibadan ilitumia uzao wake kupata aina za TMS. Batobato kali ilipoteketeza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, wakulima wa huko walipewa baadhi ya aina hizo.

Michirizi ya kahawia, ambayo Storey aliieleza mwaka 1936, ingali ikitafutiwa kinga na watafiti wa TARI.