Je, sauti inaweza kuzima kelele za kiwandani?

Feni kubwa za viwandani hutoa mngurumo mzito usiokatika. Sponji ukutani hunyonya milio mikali, lakini mngurumo una mawimbi marefu na hupenya. Njia mojawapo ya kuupunguza ni kuupiga kwa sauti nyingine.

Inafanyaje kazi?

Sauti husafiri kwa kuibana na kuilegeza hewa. Ukitoa sauti ya pili yenye nguvu ileile, inayolegeza pale ya kwanza inapobana, hizo mbili hufutana. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo hilo Marekani mwaka 1936, lakini lilisubiri miongo kadhaa hadi zikapatikana kompyuta ndogo zenye kasi.

Ndani ya bomba la hewa, maikrofoni hunasa mngurumo, kompyuta hupiga hesabu, kisha spika hutoa sauti kinyume. Maikrofoni ya pili hupima kelele iliyobaki ili kompyuta ijirekebishe.

Na mitetemo?

Kanuni ni hiyohiyo. Vihisi hupima mtikisiko wa mashine, na vifaa vya umeme husukuma upande wa pili. Viwanda vya chipu za kompyuta hutegemea teknolojia hii, kwani hata mtikisiko wa lori linalopita nje unaweza kuharibu kazi.

Mipaka yake

Njia hii hufaa zaidi kwa mngurumo wa chini ya mitetemo 500 hivi kwa sekunde, unaojirudia, tena mahali finyu. Katika ukumbi mpana, kelele inaweza kupungua hapa na kuongezeka pale. Kwa mlio wa msumeno au kishindo cha nyundo, haisaidii sana.

Mfanyakazi afanye nini?

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kisizidi kiwango cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, na 91 ni saa 2. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Kwa hiyo mashine itunzwe kwanza: beringi zilizochakaa zibadilishwe, boliti zikazwe, mashine izungushiwe kinga. Vifaa vya masikio viendelee kuvaliwa. Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, huenda kelele imeshafika desibeli 85.