Wakili wa hataza: Taaluma inayounganisha maabara na sheria

Mtaa wa Mowlem, ulio katika eneobunge la Embakasi Magharibi jijini Nairobi, hauko mbali na karakana za Kariobangi Light Industries. Humo mafundi wa jua kali hukata vyuma, huyeyusha alumini na kuunda mashine za kila aina. Fundi akibuni kitu kipya, jambo la kwanza afanyalo ni kukiweka mbele ya karakana ili wapita njia wakione. Kibiashara amefanya vyema. Kisheria, siku zake zimeanza kuhesabiwa.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi kuwazuia wengine kuunda, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila idhini, kwa muda wa miaka 20 tangu ombi liwasilishwe. Badala yake, hutakiwa kuufichua uvumbuzi huo wote kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, uvumbuzi sharti uwe mpya, usiwe jambo ambalo mjuzi wa kazi hiyo angelifikia kwa urahisi, na uweze kutumika katika uzalishaji. Sheria humsamehe aliyeonyesha kazi yake mwenyewe iwapo atawasilisha ombi kabla ya miezi 12 kupita. Nchi nyingi za Ulaya hazina huruma hiyo.

Hapo ndipo wakili wa hataza anapohitajika. Kazi yake kuu si kusimama mahakamani, bali kuandika. Sehemu nzito zaidi ya ombi ni madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile kinacholindwa. Tuseme fundi ameunda mashine ya kupepeta nafaka. Wakili akiandika kwamba ina chujio la waya, jirani ataunda yenye chujio la bati lililotobolewa, naye hatakuwa amevunja haki ya mtu. Akiandika chujio tu, mkaguzi huenda akaleta mashine ya zamani yenye chujio na kulikataa ombi. Neno moja laweza kumpotezea mteja jasho la miaka.

Ndiyo maana taaluma hii huwafaa waliosomea uhandisi, kemia au baiolojia kabla ya kugeukia sheria. Asiyeweza kusoma mchoro wa mashine hawezi kuutetea. Njia yenyewe ni ndefu: shahada ya sayansi, kisha ya sheria, halafu mafunzo ya uanasheria katika chuo kilichoko Karen kwa atakaye kuwa wakili wa Mahakama Kuu. Wanaotaka kubobea wamekuwa wakienda Africa University, Mutare, Zimbabwe, ambako shahada ya uzamili katika mali ya ubunifu ilianza 2008. Anayewakilisha wengine mbele ya Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI) sharti awe amekubaliwa nayo kama wakala.

Kabla ya 1990 mambo yalikuwa magumu zaidi. Kenya haikuwa ikitoa hataza zake. Iliyokwisha kutolewa Uingereza ndiyo iliyoandikishwa hapa, hivi kwamba fundi wa Eastlands alilazimika kuanzia London. Miongoni mwa waliobadilisha hali hiyo ni Profesa Norah Olembo, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeongoza ofisi ya mali ya viwanda iliyoitwa KIPO kabla ya KIPI kuundwa 2002. Alifariki 2021. Kwamba ofisi ya kisheria hivyo ilikabidhiwa mtu wa maabara halikuwa jambo la ajabu hata kidogo.

Hasara ya kukosa ushauri mapema ilidhihirika papo hapo Eastlands. Utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Majengo, Pumwani, ambao waliendelea kukaa bila virusi vya HIV licha ya kukabiliwa navyo mara nyingi, uliwasaidia wanasayansi wa Nairobi na Oxford kubuni chanjo ya majaribio. Mwaka 2000 ilibainika kwamba ombi la hataza lilikuwa limewasilishwa Uingereza bila Wakenya kutajwa. Malalamiko yakazuka, na baadaye kukawa na makubaliano mapya yaliyokipa Chuo Kikuu cha Nairobi sehemu katika haki hizo. Majaribio yalianza Nairobi 2001, lakini chanjo yenyewe haikufua dafu.

Si kila ubunifu huhitaji hataza. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea miaka ya 1980, lilinakiliwa na mafundi kila pembe na huenda lisingefika jikoni kwa wengi kama lingezungushiwa ua. Kwa maboresho madogo kipo pia cheti kisichohitaji uvumbuzi mkubwa, ambacho hulinda kwa miaka 10. Wakili mwaminifu humweleza fundi hayo yote kabla ya kumtoza ada.